Fundi Aliyegusa Chuma Kwanza

Sitamtaja jina. Pale Majengo hakuna aliyemwita kwa jina hata hivyo; wote tulimwita Fundi, na ukisema Fundi bila kuongeza neno, hata wauza mahindi walijua humtaki fundi cherehani wala fundi baiskeli, unamtaka yule wa kompyuta. Lakini nina sababu nyingine. Jina lake niliwahi kulichafua bila kulitamka, na mtu aliyefanya hivyo hana haki ya kuja kulitumia kupambia maandishi yake. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa mengi katika umri huu, na mojawapo ni kwamba alinipa uhai wa kutosha kulijua kosa langu. Kulifuta bado sijaweza. Ndiyo maana naandika.

Banda lake lilikuwa kwenye ujia mwembamba, kati ya duka la nyuzi na mama mmoja muuza uwele ambaye sote tulimwita Mama Uwele. Lilikuwa na meza moja, taa ya kuinamisha, kiti cha mteja chenye mguu uliofungwa waya, na mlango wa chuma uliopakwa rangi ya bluu. Katikati ya mlango ule, usawa wa kifua, rangi ilikuwa imelika kabisa, chuma kinang'aa. Ni kiganja chake kilichoila. Kabla hajagusa mashine yoyote aliugusa mlango kwanza, akatulia kidogo, ndipo akainama mezani.

Wanaoishi kwetu wanaujua upepo wa kiangazi. Unakausha midomo, unakausha kuta, na ukivua sweta asubuhi unasikia cheche zikilia mgongoni. Fundi alisema cheche ile ambayo wewe huihesabu kuwa kitu inaweza kuua kifaa kidogo cha kompyuta, na kikifa hakionyeshi jeraha. Kwa hiyo aligusa chuma ili umeme wa mwilini ushuke chini. Miezi ya upepo mkali alitandika gunia bichi chini ya meza na kufanya kazi miguu peku juu yake. Wageni walimtilia shaka.

"Fundi, mbona unapapasa mlango kila mara?" mwanamke mmoja alimuuliza nikiwa nimekaa pale. "Umeweka dawa?"

"Nimeweka, mama."

"Ya nini?"

"Ya wateja wenye haraka. Wewe unaonaje, imeshakuanza?"

Hata kukupa mkono alikuwa na utaratibu wake. Ukimkuta ana mashine wazi mbele yake, alikwenda kwanza mlangoni, akagusa, ndipo akakupa mkono. Nilimuuliza mimi nitaharibika nini. Akasema mkono haujui unamgusa nani, bora uzoee.

Alikuwa Mgogo wa upande wa Mtera, mtu wa ng'ombe, na nadhani jicho lake halikuwahi kutoka zizini. Sura za watu alizisahau. Mashine hakusahau hata moja. Ungemsalimia barabarani akakutazama kama hajakuona maisha yake yote, lakini ukimwonyesha kona ya begi lako tu alisema, "Aa, wewe ndiye mwenye ile ya kijivu, imevunjika bawaba ya kushoto, ilikuja mwaka ule wa mvua nyingi." Kompyuta kuukuu zilizotupwa na maofisi alizinunua na kuzifungua ili apate vipuri, na kazi hiyo aliiita kuchinja. Mimi ni mtu wa Kondoa, mwalimu wa madrasa kwa zaidi ya miaka arobaini, na hilo hakuliacha lipite.

"Mwalimu, shikamoo. Leo nimechinja moja nzuri sana, ila nimechinja mimi Mgogo, sijui kama utakula."

"Marahaba. Ulielekea wapi wakati wa kuchinja?"

"Nilielekea kwenye mwanga."

Tulicheka hivyo kwa miaka. Ananiita Mwalimu, mimi namwita Fundi. Aliimba sauti ya chini katika kwaya ya kanisa lake, na siku za kazi aliitukana skrubu iliyogoma kwa maneno ambayo wanakwaya wenzake wasingeyapenda. Hakumwazima mtu bisibisi, hata jirani. Lakini nyuma ya banda, kwenye kivuli, aliweka birika la maji la plastiki, na lilikuwa langu. Alikuwa ameniona siku moja nikihangaika kutafuta maji ya kutawadha wakati wa alasiri, na kesho yake birika lilikuwepo, limejaa. Adhana ikianza na mimi nimezama kwenye mazungumzo, alinyoosha bisibisi kuelekea msikitini na kusema, "Mwalimu, unaitwa." Nimefundisha watoto kuiheshimu swala maisha yangu yote, na aliyekuwa akinikumbusha yangu alikuwa Mkristo wa Mtera.

Uvumilivu wake kwa mashine haukuwa na mwisho. Kwa watu ulikuwa mfupi. Ofisa mmoja alimwambia afanye upesi kwa sababu yeye ni mtu wa mikutano. Fundi akaziweka sehemu zote za kompyuta yake kwenye mfuko wa plastiki, skrubu chini kabisa, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Nimefika hapa, bosi. Malizia kwenye mkutano."

Mashine yangu ndiyo iliyotukutanisha. Nilipoacha kufundisha, wazazi wa wanafunzi wangu walichanga wakanipa kompyuta mpakato. Haikuwa mpya hata siku ile, lakini niliipokea kama watu wanavyopokea mtoto. Nilikuwa naandika masomo yangu niliyoyafundisha kwa mdomo, maelezo ya dini kwa Kiswahili na kwa Kirangi, na nilikuwa na kaseti za sauti ya mwalimu wangu ambazo mjukuu alinisaidia kuziingiza ndani. Nikifungua sauti na maandishi kwa pamoja, mashine inaganda. Nasoma aya ndefu ya dhikri, bado imeganda. Watu waliniambia ninunue nyingine. Sikutaka. Unawaambiaje wazazi wale kwamba zawadi yao umeitupa?

Fundi aliifungua, akaitazama, akafunga. "Haina ugonjwa. Ina njaa. Inataka RAM."

Alinionyesha. Ni kipande chembamba, kifupi kuliko kidole changu cha kati, kina meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja, na ndicho kinachoipa mashine nafasi ya kufanyia kazi nyingi kwa wakati mmoja. Yangu ilikuwa na giga mbili. Nikadhani ni jambo la dukani. Kumbe ndipo nilipomjua Fundi.

Alikuwa na trei za mayai, na kila shimo la yai lilikuwa na kipande kimoja cha RAM kimefungwa karatasi. Alizipanga kwa umri na kwa mwendo. Alinifundisha kwamba kila RAM ina pengo dogo kwenye meno yake, na pengo hilo limekaa mahali tofauti kwa kila kizazi, ili ya kizazi kingine isiingie. "Ikikataa, imekataa, Mwalimu. Usisukume. Wapo wanaosukuma." Tena hata pengo likilingana, zipo zinazokula volti nyingi na zinazokula chache, na mashine yako ikipewa isiyo yake inalia mara tatu na kuzima. Tena mashine ina kipimo chake. "Hii yako mwisho wake ni giga nne. Atakayekuuzia nane anakuuzia mzigo wa kubeba tu. Wewe unataka mbili na mbili, pacha."

"Pacha lazima?"

"Si lazima. Lakini wewe ungeswalisha na mtu anayesoma upesi kuliko wewe?"

Pacha yule alitafutwa miezi mitano. Vipande vipya vilijaa madukani, lakini vilikuwa vya mashine za siku hizi. Vya umri wa mashine yangu vilipatikana kwenye mashine zilizokufa tu. Fundi alikwenda mnada wa vitu chakavu vya ofisi, akarudi na mashine nne, hakuna. Aliagiza kwa mtu wa Chemba aliyekuwa na kompyuta iliyonyeshewa mvua. Ikaja, ikawekwa, ikalia mara tatu. Kila kipande alichokipata alikijaribu siku nzima kwenye mashine yake mwenyewe kabla hajaniambia. Mara mbili nilimwambia, "Fundi, weka chochote, Mungu ataleta baraka." Akanijibu, "Mungu yuko tayari, Mwalimu. Volti ndiyo haiko tayari."

Siku ilipopatikana nilikuwa pale. Alasiri ikaadhiniwa, nikachukua birika, nikaenda kuswali. Niliporudi alikuwa ameshafunga skrubu zote. "Imekaa kwake," alisema. "Sasa zipo mbili. Fungua sauti yako." Nikafungua sauti ya mwalimu wangu, nikafungua maandishi, na mashine ikaenda kama maji. Nilimwombea dua nikiwa nimesimama kwenye ujia, Mama Uwele akaitikia amina.

Sasa naandika nisilotaka kuandika.

Mwaka uliofuata feni ya mashine ilijaa vumbi ikaanza kunguruma. Fundi alikuwa kwao, kwenye msiba. Nilikuwa na haraka, nikapeleka kwa fundi mwingine, mtu mzima mwenye miwani, upande wa pili wa soko. Umeme ulikuwa umekatika na betri yangu ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo aliifungua ikiwa imezima. Aliondoa mfuniko wa chini, akasafisha. Nikamwambia kwa majivuno kidogo, "Humo ndani mna RAM mbili, pacha, zilitafutwa miezi mitano."

Akainamisha mashine kunionyesha. "Mzee wangu, hapa ipo moja. Na tazama, nafasi yenyewe ni moja. Hii mashine haina hata mahali pa kuweka ya pili. Aliyekwambia ziko mbili alikudanganya."

Niliona kwa macho yangu. Nafasi moja, kipande kimoja.

Mimi nimefundisha vizazi viwili vya watoto kwamba ukiletewa habari ya mtu, uihakiki kabla hujamdhuru kwa kutojua. Najua mahali pake kitabuni. Lakini pia tumelelewa kusitiri. Kwetu mtu mzima hamwendei mtu mzima mwenzake kumwambia umeniibia. Unanyamaza, unamwachia Mungu, na unajiona umefanya wema. Mimi nilijiona nimefanya wema. Sikumuuliza. Nilimhukumu kimya kimya, kisha nikaita kimya changu stara.

Nikaacha kupita ujia wake. Siku moja tulikutana kwenye lami, mimi na begi langu. Sura yangu hakuitambua, alilitambua begi.

"Mwalimu! Shikamoo. Umepotea. Mashine inaendeleaje?"

"Marahaba. Alhamdulillahi."

"Haigandi?"

"Haigandi."

"Hata na ile sauti?"

"Hata na sauti," nikasema, nikaenda zangu. Ushahidi niliutoa kwa ulimi wangu mwenyewe, na masikio yangu hayakuusikia.

Baada ya hapo madrasa yetu ilipewa kompyuta kumi kuukuu. Zilihitaji kuongezwa RAM zote, na kazi ile ingemweka fundi mmoja miezi mingi. Tulikaa barazani baada ya swala ya Ijumaa, watu wa kamati, na mwenyekiti akaniuliza, "Mwalimu, si unaye yule fundi wako wa Majengo? Tumpe?"

Nikasema, "Mimi nisingempelekea."

Ni hayo tu. Sikutaja wizi, sikutaja jina. Mwenyekiti akanitazama, akaitikia kwa kichwa, na kazi ikaenda kwingine. Mtu akisikika msikitini miaka arobaini, neno lake moja fupi wengine hulirefusha wenyewe. Nusu ya wateja wa Fundi walikuwa watu wa msikiti wetu, kwa sababu mimi ndiye niliyewaelekeza kwake.

Ilipita miaka mitatu. Mwaka huu herufi za kibodi yangu zikaanza kugoma, nikairudisha kwa yule fundi wa miwani abadilishe kibodi. Alilegeza skrubu, akaibenua kibodi juu kama mtu anayefunua sufuria, akarekebisha miwani yake.

"Nini?" nikauliza.

"Mzee," akasema, "njoo uone."

Chini ya kibodi, mahali vidole vyangu vilipokuwa vikigonga kila siku, palikuwa na nafasi nyingine, na ndani yake kipande cha pili. Juu yake palikuwa na utepe mdogo wa karatasi, na mwandiko wa penseli niliokuwa naujua: *Mwl. Ya pili.*

"Mashine za kuweka moja chini na nyingine juu si nyingi," fundi wa miwani alisema, hanitazami. "Sikuwahi kuikuta. Nisamehe, Mzee."

Nilimsamehe palepale, kwa kuwa kosa lake lilikuwa dogo. Yeye hakuijua mashine. Mimi nilimjua mtu.

Nikaenda ujia ule. Mlango wa bluu ulikuwa wazi na banda limejaa mabeseni ya plastiki. Mama Uwele aliitikia salamu yangu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Alihama, Mwalimu. Yuko kwao Mtera. Wateja walipungua hivihivi, hakujua kwa nini. Baadaye akajua." Alikuwa anapepeta uwele, hakuacha. "Zile kompyuta zenu za madrasa, alisikia zimekuja. Akaanza kukusanya RAM zake hata kabla hamjamwita. Trei nzima. Alisema Mwalimu hawezi kunisahau."

Nilitazama ile sehemu ya mlango rangi ilipolika.

"Na lile birika lako," akasema. "Ulipoacha kuja aliendelea kulijaza. Kila asubuhi alimwaga ya jana, anaweka mapya. Nikamwambia, Fundi, huyu haji. Akaniambia labda anaumwa."

Ijumaa iliyofuata nilisimama barazani palepale nikasema mbele ya watu kwamba nilimdhulumu mtu, kwamba hakuniibia, kwamba mimi ndiye niliyesema bila kuhakiki. Mwenyekiti yule alikuwa ameshafariki. Waliobaki walinisikiliza kwa adabu. Mmoja akauliza taratibu, "Fundi yupi, Mwalimu?" Nikaeleza, akatikisa kichwa, hakumkumbuka. Neno langu la kwanza lilikuwa limefika kila mahali. Hili la pili halikupata wa kulipokea.

Nikasafiri Mtera. Nilimkuta uani kwa ndugu yake, anatengeneza tochi ya mvuvi. Alikuwa amekonda, na mvi zimemwingia pembeni. Nilimsalimia kwa lugha yake kama alivyonifundisha, "Mbukwa." Akainua uso, sura yangu ikampita. Kisha macho yakashuka kwenye begi.

"Mbukwa, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba."

Nililetewa kiti. Nikamweleza yote, nafasi moja ya chini, fundi wa miwani, ile Ijumaa. Sikupunguza. Alisikiliza huku anafuta kioo cha tochi, hata kilipokuwa safi.

"Nilisikia," akasema. "Nilisikia mwaka uleule."

"Kwa nini hukuja kuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja uje uniulize. Nilisema, huyu ni mwalimu, atauliza."

Kuku alipita kati yetu. Nilishindwa kuzuia machozi, mtu mzima mbele ya watoto wa nyumba ya watu.

"Naomba radhi yako, Fundi. Nimekuja kwa ajili hiyo tu."

"Mashine iko humo?"

"Imo."

Palikuwa na jembe limeegemezwa ukutani. Aliligusa, akatulia, kisha akachukua mashine. Akaibenua kibodi kwa kucha, akaangalia, akasoma utepe wake mwenyewe. Akaifunga, akaigeuza, akafungua mfuniko wa chini, akaangalia na huko. Alifanya polepole, kama mtu anayehesabu mifugo jioni.

"Zote zipo," akasema. "Hazijachoka." Akanirudishia kwa mikono miwili. "Radhi nimekupa, Mwalimu. Nilikupa zamani, maana kukaa na hasira huku kwetu ni kazi nyingine na mimi kazi ninazo. Ila hii usiniletee tena. Ikiharibika tafuta mtu."

"Nimesikia."

"Si kwa ubaya."

"Nimesikia, Fundi."

Alinisindikiza hadi barabarani, kama inavyopasa. Tuliongea habari za mvua na bwawa la Mtera lilivyorudi nyuma. Gari lilipoonekana kwa mbali nilijua sitamwona tena, na nadhani alijua. Nikanyoosha mkono. Hakuupokea mara moja. Pembeni ya barabara palikuwa na nguzo ya chuma ya kibao cha kijiji. Alikwenda, akaweka kiganja chake pale, akatulia kama alivyokuwa akitulia mlangoni kwake, ndipo akarudi akanipa mkono.